Kuvuta Kitambaa

Gari la matangazo lilizunguka mtaani kwetu wiki nzima likirudia maneno yale yale: muziki wa kwetu, vyakula vya kwetu, uwanja wa kiwanda cha zamani cha nguo, kiingilio bure, njoo wewe, njoo na jirani yako. Binti yangu aliposikia neno kiwanda alichungulia chumbani kwangu, mkono mmoja bado umeshika kitasa, akasema, "Baba, hii lazima tukupeleke."

Sikumjibu upesi. Mtu mzima haruki akiitwa. Nilimaliza chai, nikakirudisha kikombe juu ya kisahani chake, nikamwambia nitafikiri. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu.

Naishi kwa binti yangu tangu mama yake alipofariki. Chumba changu kipo upande wa nyuma. Kina dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo, kitanda, redio, na rafu ya vitabu niliyoipigilia misumari mwenyewe. Mkwe wangu ni karani katika idara ya maji, mtu mpole, mpole kama maji ya mtungini: hujui kina chake mpaka utie mkono. Hatujawahi kugombana. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeanza kuona mambo.

Kwanza chakula changu kilianza kuletwa chumbani. Binti yangu alisema nisijisumbue kwenda mezani, nipumzishe miguu, ingawa miguu yangu haikuwa imemlalamikia mtu. Kisha siku moja nilirudi kutoka kununua gazeti nikamkuta mkwe wangu chumbani, amepiga magoti na futi ya seremala, anapima nafasi iliyo kati ya kitanda na ukuta. Alisema anafikiria kupaka rangi. Nilimweleza kwamba mpaka rangi hapimi sakafu. Alicheka, akaikunja futi, akatoka.

Lililoniuma zaidi lilikuwa lile la meza, kwa sababu mezani nilikuwa na kazi. Msomaji wa habari akikosea kutamka jina la nchi, mimi nilimrekebisha. Binti yangu akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa kitu kingine, nilimrudisha mwanzo. Mkwe wangu nilimfundisha kula samaki bila kutawanya miiba sahani nzima. Aipange ukingoni, mmoja baada ya mwingine, ili hata anayeondoa vyombo amheshimu. Nyumba isiyo na mtu wa kurekebisha huota magugu. Sasa nilikaa na trei magotini nikiwasikia upande wa pili wa ukuta wakicheka, na msomaji wa habari akikosea apendavyo.

Swali likawa moja, nalala nalo, naamka nalo: katika nyumba hii natakiwa, au navumiliwa tu? Hayo ni mambo mawili, na mtu anayejiheshimu hawezi kuishi katikati yake bila kujua yupo upande gani.

Mwaliko ule wa tamasha ulinijibu. Hakuna anayejitwika mzigo akaenda nao kwenye sherehe. Tena si sherehe ya mahali popote, bali kiwandani, nilipomalizia ujana wangu, nilipompata mama yake. Nikajiambia, mtoto amekumbuka. Nikaona nilimdhania vibaya, hata ile futi ya seremala nikaisamehe. Siku ya tamasha nilipiga pasi shati langu jeupe mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine nyumbani anayejua kunyoosha kola, nikafunga kifungo cha shingo, nikakaa sebuleni kuwasubiri. Binti yangu aliponiona alisema nimependeza. Mkwe wangu alinifungulia mlango wa gari. Njia nzima walikuwa wachangamfu, wananiuliza kama nasikia joto, kama nataka dirisha lishushwe, na mimi nikayapokea yote kama haki yangu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Cha bure hakikosi wenyewe. Jengo la mitambo ya kufuma lilibomolewa zamani, imebaki sakafu, lakini saruji haisahau. Pale ilipofungwa mitambo mashimo ya bolti bado yapo, yamejaa mchanga na vifuniko vya soda. Jukwaa walilijenga palipokuwa na vyumba vya kutia rangi, na mabanda ya chakula yalifuata ukuta wa ghala la pamba. Moshi wa nyama na samaki ulikuwa ukipanda mahali ambapo zamani kuwasha kiberiti tu kulitosha kukufukuzisha kazi. Niliifuata safu ya mashimo kama mtu anayefuata mstari kitabuni, nikaupata mtambo wangu. Ng'ambo ya njia, ukielekeana nao, ndipo ulipokuwa wa mke wangu. Juu ya mashimo yake muuza mahindi alikuwa ameweka jiko la mkaa.

"Mama yako alisimama hapa," nilimwambia binti yangu.

"Enhe, baba," alisema. Alikuwa akitazama simu yake. "Tutafute pa kukaa kabla viti havijaisha."

Viti tulivipata karibu na nguzo moja ya umeme, na kwenye kimoja alikuwa amekaa mwanamke mwembamba, kichwa kimejaa mvi, mtandio mabegani, anamenya karanga. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

"Kola! Hicho kifungo hakijakunyonga tu?"

Kiwandani waliniita Kola kwa sababu joto lilipowafanya wenzangu wabaki na fulana, mimi nilibaki na shati lililofungwa. Yeye tulimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

"Kinakusubiri wewe utangulie, shemeji," nilimjibu.

"Mimi sitangulii. Sindano haiozi, hupotea tu."

Binti yangu alimwamkia, akamwita mama mdogo, kama alivyozoeshwa tangu utotoni. Sindano alimpokea mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku, akamwambia amenenepa na kwa hiyo hana haja ya kumwuliza habari za ndoa. Mkwe wangu aliona haya, akacheka akitazama viatu vyake.

Sindano alisimama mtambo wa jirani na mke wangu miaka yote. Walikuwa chanda na pete. Walibadilishana zamu, walishonewa nguo za kufanana, na mke wangu alipoumwa ni Sindano aliyekuja kumwosha na kumsuka nywele. Kama mke wangu alikuwa na siri ambazo mimi sikuzijua, basi zilikuwa kwa huyu mwanamke anayemenya karanga.

Tulianza kukumbushana ya kale, na kwa kuwa mkwe wangu hakuijua kazi yetu, nilimweleza. Ndani ya jengo la kufuma kelele ilikuwa kubwa hata ukipiga chafya huisikii. Kwa hiyo tulisema kwa midomo, bila sauti, kila neno tukilifungua wazi kama mtu anayetafuna kitu kikubwa, na mikono ikisaidia. Mgeni aliyechungulia mlangoni alidhani tumerukwa na akili. Lakini mfumaji mzoefu aliweza kupiga soga na mwenzake aliye mwisho wa safu, akamsengenya msimamizi anayepita katikati yao, na msimamizi asijue kitu. Tuliiita lugha ya mitambo.

Ilikuwa na adabu zake. Kila mmoja alivaa kitambaa shingoni cha kujikinga na vumbi la pamba. Kikiwa kimeshuka, maana yake unaweza kusemeshwa. Ukikivuta juu ya pua, umefunga duka. Mtu akikuuliza jambo ambalo ukweli wake utamwumiza, na uongo hutaki kumwambia, unavuta kitambaa, basi. Mwenzio haulizi mara ya pili. Anageukia mtambo wake. Hakuna aliyeyaandika hayo popote, lakini hata walevi waliyafuata.

"Mwambie ya suruali," alisema Sindano.

Nikamwambia. Tulikuwa na msimamizi mwenye tumbo kubwa aliyekuja kazini na suruali mpya ya kubana. Akapita safu yetu akiwauliza wafumaji mmoja mmoja kama imemkaa vizuri. Safu nzima ilivuta vitambaa, kuanzia mlangoni hadi dirishani, kama pazia linalofungwa. Hakuivaa tena.

Mkwe wangu alicheka mpaka akafuta macho, na mimi nikapata moto, nikaingia kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote, ya jinsi nilivyomposa mama yake binti yangu. Mitambo inanguruma, mimi upande huu wa njia, yeye ule, nikamwambia kwa midomo kwamba nataka anioe mimi na si yule fundi umeme aliyekuwa akimletea maandazi. Sindano aliingilia kwamba mwanamke haoi, huolewa. Nikamwambia mapenzi yalikuwa yameniharibia lugha, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Basi mke wangu aliposoma maneno yale alivuta kitambaa. Akakaa nacho siku kadhaa, nikimtazama haangalii. Hadi baba yake alipomwita akamwambia kwamba kijana mwenye kazi ya kudumu na anayefunga kola hapatikani kila soko. Ndipo kitambaa kikashuka.

"Aibu ya msichana," nilisema, kama nisemavyo kila ninapoisimulia.

Binti yangu alisema hiyo ameisikia tangu yupo tumboni. Sindano alicheka, lakini alicheka akiangalia karanga zake.

Binti yangu aliuliza nani anataka nini. Mimi nilitaka samaki wa kukaanga na wali. Sindano alisema ameshiba karanga, ila wakikuta nyama laini isiyohitaji meno wasimsahau. Wakaondoka, mke na mume, kuelekea mabandani.

Walipotuacha, Sindano aliniuliza naishije. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Nilimwambia naishi vizuri, sina la kudai. Binti yangu hataki hata nibebe ndoo. Nina chumba changu na vitabu vyangu. Leo hii, nilimwambia, tazama, wameacha shughuli zao ili wanilete mahali nilipofanya kazi na mama yao. Watoto wa siku hizi wangapi wanakumbuka?

"Chakula naletewa chumbani, shemeji. Kwenye trei."

"Kwenye trei?" Aliacha kumenya. "Kama mgonjwa?"

"Kama mzee," nilisema.

"Haya. Mimi wanangu wangeniletea kwenye trei ningejipapasa nione wapi panaoza."

Nilimwambia wivu haujamtoka hata uzeeni. Alisema labda, akanimiminia karanga kiganjani.

Ndipo bendi ikaanza. Ilikuwa bendi ya wazee, magitaa na tarumbeta, wamevaa mashati ya aina moja, na walipiga wimbo tuliokuwa tukiucheza siku za mishahara. Vipaza sauti vilikuwa vimepangwa kama makabati kila upande wa jukwaa, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya kugonga kifua. Watu waliokuwa wakizungumza karibu nasi walikata tamaa, wakanyamaza. Mimi na Sindano tuliangaliana, tukacheka. Ilikuwa kelele ile ile. Aliniambia kwa midomo, bila sauti, kwamba mpiga ngoma anapiga kama anayeua mende. Nilimjibu kwa midomo kwamba mende mwenyewe amekwisha toroka. Miaka yote ile, na hatukukosa hata neno.

Nikawatafuta wanangu kwa macho. Foleni ya samaki ilikuwa imepinda hadi chini ya vipaza sauti, na wao walikuwa pale hasa, mahali ambapo hakuna mtu anayesikia kitu. Mkwe wangu alinipa mgongo. Binti yangu alinielekea, lakini hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama mumewe usoni, na alikuwa akisema.

Mtoto huyu alisomea shule za bweni. Lugha ya mitambo hatukumfundisha, kwa makusudi. Tulitaka asome, asije akaihitaji. Kwake kelele ni ukuta, ukisimama nyuma yake umejificha. Na kwa kuwa mumewe hakuwa akimsikia, alikuwa akiyafungua maneno makubwa makubwa, moja moja, midomo wazi. Hakujua, lakini alikuwa akisema kama mama yake.

Sikukusudia kumsoma. Mtu anayejua kusoma hawezi kuliangalia bango na asilisome.

Alisema, "Si nyumbani. Hapa hapa, kwenye watu. Hapa hatapiga kelele."

Mumewe alisema kitu ambacho sikukiona.

Alisema, "Akishakula. Akishiba huwa hana maneno mengi. Na uanze wewe. Mimi nikianza atanirekebisha."

Kisha, "Mdogo wake amekubali, chumba kipo. Mama yako anakuja mwisho wa mwezi. Nimlaze wapi, jikoni?"

Mkwe wangu aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa akinitetea, au akitafuta njia laini zaidi, ndivyo alivyo. Binti yangu alitikisa kichwa. Alimshika mumewe mkono, akamsogelea, na neno la mwisho alilisema polepole kuliko yote ili lisimpotee.

"Nimemvumilia vya kutosha. Hata mama alikuwa anamvumilia tu. Aliniambia mwenyewe."

Foleni ikasogea, nao wakasogea nayo.

Nilibaki na karanga mkononi. Jambo la kwanza nililofanya halikuwa la maana: nilipapasa kifungo changu cha shingo nione kama kimefungwa. Kilikuwa kimefungwa. Sherehe ile yote, mlango wa gari uliofunguliwa, dirisha lililoshushwa, umependeza baba, vilikuwa majani mabichi anayolishwa mbuzi siku ya mwisho. Na mbuzi alikuwa amejipigia pasi mwenyewe.

Kisha nikamkumbuka niliyekaa naye.

Sindano alikuwa ameangalia upande ule ule. Mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya safari, karanga moja kati ya vidole, haijafika mdomoni. Nilipogeuza uso wangu aliitia mdomoni haraka, akaanza kutafuna kwa bidii, akaniinamia sikioni na kunipigia kelele kwa sauti, kama watu wengine wote, kwamba yule wa tarumbeta bado ana pumzi nzuri. Nilimpigia kelele nami kwamba ni kweli, pumzi anayo. Hapo nikajua kwamba amesoma kila neno. Angekuwa hajasoma, angenisemesha kwa midomo.

Ningependa kusema nilifikiri kuhusu chumba changu, rafu yangu, au mdogo wangu shambani, ambaye mimi naye husalimiana misibani na hatujawahi kukosana kwa sababu hatujawahi kukaa pamoja. Sikufikiri hayo. Chumba ni chumba. Mwanamke anayemleta mama mkwe wake nyumbani hana la kulaumiwa mbele za watu. Nilifikiri lile neno la mwisho tu. Jibu la swali langu nilikuwa nimelipata, upande gani nipo, lakini lilikuwa limekuja na jibu la swali jingine ambalo sikuwa nimeliuliza.

Walirudi wakati bendi imepumzika na mtangazaji anasoma majina ya watoto waliopotea. Mkwe wangu alibeba sahani, binti yangu soda. Walinipa samaki mzuri, mkubwa kuliko wote, na binti yangu alinikunjulia kitambaa cha karatasi mapajani. Sindano walimletea nyama laini. Mkwe wangu alikaa mbele yangu, akafuta vidole, akaangalia sahani yangu kuona nimefika wapi. Nilikuwa sijafika popote.

"Baba," alianza, "mimi na mwenzangu tulikuwa tukifikiri, na tumeona kwamba…"

"Ngoja, mkwe," nilisema. "Kabla hujafika huko, mimi nina neno, na mimi ndiye mkubwa."

Binti yangu aliinua macho.

Niliwaambia kwamba nimekuwa na wazo kwa muda mrefu na sikupata nafasi ya kulisema, kwa kuwa siku hizi hatukutani mezani. Niliwaambia mji umenichosha, makelele, magari, moshi, na kwamba kiwanda hiki chenyewe nilitaka kukiona mara moja tu ili nikiage. Sasa nimekiona. Nataka kwenda kukaa na mdogo wangu. Ana nafasi, na wazee wawili hawakosi la kuzungumza.

"Nimekwisha kuamua," nilisema. "Kabla ya mwisho wa mwezi."

Waliangaliana. Ulikuwa mtazamo mfupi sana, lakini mimi nimeishi kwa kutazama nyuso. Kisha binti yangu aliweka chupa yake chini.

"Jamani baba. Ghafla hivi? Kuna mtu amekuudhi?"

"Hakuna."

"Kama ni mambo ya chakula chumbani, si ungesema tu?"

"Chakula kilikuwa kizuri. Chumvi haikuzidi."

"Nyumba itapwaya bila wewe," alisema, na macho yake yalilowa kweli. Lakini mabega yalikuwa yamekwisha kushuka, kama ya mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya kupanda nayo mlima. Ilikuwa sentensi nzuri, imetimia. Sikuwa na la kurekebisha.

Mkwe wangu alisema wao hawana neno, uamuzi ni wangu.

"Kweli," nilisema. "Ni wangu."

Akaanza kula kwa furaha kama mtu aliyefutiwa kesi. Miiba aliitawanya sahani nzima. Nilimwacha.

Sindano alikuwa ameinamia nyama yake akiikata vipande vidogo vidogo na kuviacha.

Bendi ikapanda tena, na mtangazaji akawaita watu wakacheze. Binti yangu alimvuta mumewe mkono. Alikuwa mwepesi, alionekana kijana, alicheka kama alivyokuwa akicheka akirudi likizo kutoka shule. Alinigeukia akanionyesha kwa mkono kwamba wanakwenda kidogo tu, wanarudi. Nilimpungia. Wakapotea katikati ya watu, wakicheza juu ya sakafu ile, na sidhani kama walijua wanakanyaga mashimo ya nini.

Kelele ilipokuwa imetufunika sawasawa, nilimgusa Sindano mkono. Aliponitazama nilishusha kidevu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya kumwambia mwenzako akae tayari. Kisha nilimwuliza kwa midomo, bila sauti, neno kwa neno, ili asije akasema hakuelewa.

Nilimwuliza, "Aliyosema kuhusu mama yake. Ni kweli?"

Alinitazama muda mrefu. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumwambia meneja wa kiwanda, mbele ya wafumaji wote, kwamba ana akili za kuazima na mwenyewe anazihitaji. Sijawahi kumwona akikosa la kusema. Nilimwona anatafuta. Midomo yake ilifunguka kidogo, nikasubiri, nikadhani litatoka lolote, hata tusi, hata mzaha.

Kisha mkono wake ukapanda begani, ukashika ncha ya mtandio, ukauvuta taratibu juu ya mdomo, mpaka puani. Akageuza uso kuelekea jukwaani.

Sikumwuliza mara ya pili. Adabu ni adabu.

Kiwandani ungegeukia mtambo wako. Nilikuwa na sahani. Muuza mahindi alikuwa akipepea jiko lake pale alipoliweka, na cheche zilikuwa zikiruka pale ambapo msichana mmoja alivuta kitambaa akakaa nacho siku kadhaa, akiwa amekwisha kunijibu, na mimi nikasimama upande wangu wa njia nikicheka, nikaiita aibu. Nilimla samaki wangu wote. Miiba niliitoa mmoja mmoja, nikaipanga ukingoni mwa sahani, imenyooka.